Hiyo picha inaenda wapi?

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Makumbusho ya reli ya Jinja yakikupa ukuta mmoja, ungetundika picha gani ya safari ya treni Uganda?" Majibu mtakayopata nayajua. Daraja la reli la Jinja na Nile ikipita chini, injini za mvuke na moshi wake, labda stesheni ya Kampala enzi za abiria wa Nairobi. Mimi nataka kwanza kujua kama aliyemo kwenye picha aliulizwa.

Tazameni zilizopo. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896, ukafika Kisumu 1901, Kampala tukaipata treni 1931, na muda wote huo kamera zilikuwepo. Picha moja mashuhuri ni ya 1909: Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, kakaa na wenzake kwenye benchi mbele kabisa ya injini, wakitazama wanyama. Na hiyo iliyoitwa Reli ya Uganda haikuwa na hata maili moja ndani ya Uganda wakati huo! Injini nazo zina heshima zake. Ile 5918 iliyoko makumbusho ya reli Nairobi ina namba, ina jina, Mount Gelai, na wapenzi wa treni wanaujua uzito wake kwa tani. Abiria wa daraja la tatu ni vichwa tu dirishani. Baba yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli ya Nalukolongo, Kampala. Sijaona hata mwenzake mmoja ambaye jina lake limeandikwa chini ya picha.

Kwa hiyo nilikaa kuandika jibu fupi: pasipo ruhusa, pasiwe na picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, ingawa sijamwona anayeitaja akiwa amebanwa kwenye behewa.

Lakini kuna jioni moja siwezi kuiruka. Ilikuwa treni ya abiria ya kutoka Kampala kwenda Namanve, siku zile za mwanzo baada ya kurudishwa Desemba 2015. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa hatuna treni ya abiria, kwa hiyo watu walikuwa wanajipiga picha kila kona, na hilo halikumsumbua mtu. Kisha kijana mmoja mwenye kamera ya lenzi ndefu akasimama mlangoni mwa behewa letu akaanza kutupiga, kimya kimya. Mchuuzi wa soksi alisukuma furushi lake chini ya miguu ya watu, maana kwake mwenye kamera ametumwa na askari wa jiji. Binti mmoja akajifunika uso kwa mkoba, akamnong'oneza jirani yake, nasi tukasikia, kwamba kazini wanajua yuko kitandani anaumwa. Mama mmoja, beseni lake tupu mapajani, alikuwa amesinzia, kichwa kimeangukia bega la bwana wa suti asiyemjua kabisa. Bwana yule hakuthubutu kusogea. Kamera ikawakuta hivyo, na mlio wake ukamwamsha mama.

Hakugomba. Aliuliza taratibu, kwa Kiswahili cha watu wa Bombo: "Mwanangu, hiyo picha inaenda wapi?"

Kijana akasema ni ya kumbukumbu tu.

"Kumbukumbu ya nani?"

Behewa likacheka. Akajieleza kwamba anakusanya picha za wasafiri kwa ajili ya maonyesho. Nani anaingia huko? Watu. Watu gani? Hapo akakwama. Mama akataka kuiona, na sisi wa nyuma tukanyoosha shingo. Mdomo wazi, kitambaa kimeteleza, na bwana wa suti kakaza macho kama aliyebebeshwa yai. "Futa," mama akasema. Bwana akadakia, "Futa upesi, mzee mwenzangu, mke wangu hataelewa," na kijana wa watu hakuwa mzee hata kidogo. Ikafutwa mbele ya mashahidi.

Basi mama akafungua mkoba, akajipaka mafuta usoni, akafunga kitambaa upya, akaliingiza beseni chini ya kiti, akakaa wima. "Sasa piga." Baada ya hapo ikawa studio. Kila mtu alitaka yake. Mchuuzi yule yule alilifungua furushi na kuzipanga soksi mkononi, rangi zote zionekane. Jamaa mmoja wa kushuka Kireka alipitiliza hadi Namboole kwa sababu zamu yake haikuwa imefika. Hata gadi, aliyekuja kutuliza watu, aliweka kofia sawa kwanza. Ni yule binti tu aliyebaki nyuma ya mkoba.

Tuliotoa namba tulitumiwa picha kwa WhatsApp. Ninazo bado, nimezifungua tena leo nikiandika, na ndizo zinazoniharibia jibu langu. Hakuna anayesafiri mle ndani. Wote wamenyooka, wamekaza midomo, ungedhani ni ukumbi wa harusi Ntinda. Atakayezitazama hatajua kwa nini tulikimbilia treni: ile foleni ya barabara ya Jinja jioni, teksi imesimama Banda mpaka giza linaingia, na wewe una alfajiri nyingine ya soko inayokungoja. Ile iliyofutwa ilikuwa na yote hayo, pamoja na bega la mtu baki.

Mkinibana, basi, ningetundika iliyofutwa. Ndiyo, nimeanza kwa kusema kinyume, na sehemu ya lile la mwanzo bado naishikilia. Aliyemo akiwa hai na anapatikana, aulizwe, hata ikiwa baada ya kupigwa; akikataa, ifutwe bila ubishi wa sanaa. Akiwa amefariki, waulizwe wanawe. Na jina lake liandikwe chini, kwa herufi kubwa kama za Mount Gelai. Binti wa mkoba asiguswe kabisa, kazi zenyewe ndizo hizi. Mimi pia, mkinikuta nimesinzia kabla ya Kireka, jibu langu ni hapana.