Kupiga Windows upya hakuponyi diski inayokufa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Nina kompyuta mpakato ya HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye RAM ya GB 4, diski ya kawaida ya GB 500 na Windows 10. Tangu mwaka jana imekuwa nzito kiasi kwamba nikiiwasha naweza kunywa chai nikamaliza kabla haijawa tayari, na mara nyingine inaganda nikiwa katikati ya kutunga mtihani. Kijana mmoja wa mjini Dodoma ameniambia kuwa Windows 10 imeshafungwa, hivyo ataniwekea Windows 11 kwa shilingi 15,000 na mashine itakuwa nyepesi. Anasema atafuta C peke yake, yaani ile sehemu ya diski yenye Windows, na mafaili yangu hayataguswa. Je, nimpe?

JIBU: Mwalimu, usimpe kwanza. Sikukatazi kwa sababu ya bei wala kwa sababu ya umri wake, bali kwa sababu ameshaandika dawa kabla hajapima chochote. Haipiti wiki hapa Makole, Dodoma, bila mtu kuniwekea mezani kompyuta nzito na kuniambia, hata kabla ya salamu, "fundi, nipigie Windows," yaani nifute iliyopo na kuweka mpya. Akiulizwa nani ameona kwamba tatizo ni Windows, hana jibu, kwa kuwa hakuna aliyeangalia.

Windows ni programu, nayo inakaa juu ya kitu kinachoshikika. Katika mashine yako kitu hicho ni diski yenye sahani zinazozunguka, aghalabu mizunguko 5,400 kwa dakika, na kisomeo kinachopita juu yake bila kuigusa. Sehemu ya sahani ikichakaa, diski haikuambii. Inajaribu kuisoma tena na tena, na wakati huo wote wewe unaona skrini imeganda. Fundi anapofomati kwa haraka, hiyo sehemu mbovu haikaguliwi wala haiguswi, kwani kinachoandikwa upya ni orodha tu ya kilichomo. Kisha anamwaga Windows mpya juu ya sahani ile ile. Wiki mbili za kwanza utamsifu, maana programu zote zilizokuwa zikijiwasha zenyewe zimeondoka, na baada ya hapo zinarudi moja moja pamoja na ule uzito. Ndiyo maana imani hii haifi: mteja anakumbuka zile wiki mbili tu.

Kipimo chenyewe hakichukui dakika 5. Iko programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha afya ya diski kwa rangi: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Shuka kwenye jedwali utafute mstari wa 05, unaohesabu sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake, na mstari wa C5, unaohesabu zile ilizoshindwa kuzisoma na ambazo bado haijaamua izifanyeje. Tarakimu za safu ya mwisho katika mistari hiyo zikiwa sifuri tupu, pumua. C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, acha kila kitu, nakili mitihani yako mahali pengine siku hiyo hiyo, na habari ya kupiga Windows kwenye diski hiyo iishie hapo. (Angalia pia feni. Kwa vumbi la kiangazi cha huku kwetu, nimetoa kwenye matundu ya hewa kitu kinachofanana na kipande cha blanketi. Prosesa ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe, na hilo nalo watu huliita Windows mbovu.)

Kuhusu kufuta C peke yake, kauli hiyo imewaliza watu wengi kuliko virusi. Ulichokiweka kwenye desktopu, kwenye Documents na kwenye Downloads, kwa kawaida kiko ndani ya C. Kompyuta nyingi zilizotumika hata D, yaani sehemu ya pili ya kuhifadhia, hazina. Mwalimu anayehifadhi mitihani yake kwenye desktopu, kama walimu karibu wote ninaowahudumia, akiambiwa "C tu" ameambiwa "yote".

Sasa hiyo Windows 11. Ni kweli kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kuachwa si kuzimwa. Mashine inaendelea kufanya kazi, ila mianya mipya ya usalama haizibwi. Kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, kuliwekwa mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, uliopangwa kufika 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wake hudai TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama kilichomo ndani ya mashine, na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kuendelea ukiacha chache. Yako ni ya kizazi cha 6. Kuilazimisha kunawezekana, na vijana wanajua njia, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizotimiza vigezo hazina uhakika wa kupata masasisho. Yaani unakimbia mfumo usiosasishwa kwenda kwenye mfumo usio na uhakika wa kusasishwa, tena mzito zaidi kwa GB 4 zako.

Ingekuwa yangu, ningenunua SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka, yenye kasi zaidi) ya GB 256, ningeongeza RAM ifike GB 8, kisha ningeweka Windows 10 safi kwenye SSD, huku diski ya zamani ikitolewa kama ilivyo na kuingizwa kwenye kasha la USB ili mafaili yahamishwe kwa utulivu. Hakuna kinachofutwa. Kama kazi yako ni kuandika na kutumia intaneti tu, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, pia itakufaa na itaendelea kusasishwa.

Leseni nayo isikutishe. Kama Windows 10 uliyonayo ni halali, leseni yake imefungamana na mazabodi. Ukiweka toleo lile lile na kuunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Programu ya kuandaa flashi iko kwenye tovuti ya Microsoft bila malipo, na flashi ya GB 8 inatosha. Kinachonikera ni kuona mashine yenye leseni halali ikifutwa na kuwekewa Windows ya kukraki kutoka kwenye flashi iliyopita kompyuta za mji mzima, kisha fundi anazima antivairasi ili kiamshi chake (programu ya kuidanganya Windows kwamba ina leseni) kipite, na anaondoka bila kuiwasha tena antivairasi hiyo. Aliyezimiwa mlinzi hawezi kujua nani ameingia.

Katibu wa chama kimoja cha wakulima wa zabibu aliniletea mashine iliyopigwa Windows mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Nilipoiwasha, diski iligonga mara mbili, ikanyamaza, ikagonga tena. Daftari la malipo ya wanachama lilikuwa kwenye desktopu, na Windows ya tatu ilikuwa imeandikwa juu yake. Kilichoandikiwa juu hakirudishwi na programu yoyote, hata muuzaji wa programu hiyo aape vipi.

Ukiamua kuileta mjini, izime kabisa kabla ya kupanda basi. Iliyolazwa tu (sleep) inaweza kuamka ndani ya begi, na diski ya namna hiyo haipaswi kuzunguka huku ikirukarushwa.