Maswali yenu: Risasi kwenye maji ya bomba

*Tumepanga nyumba kuukuu Grand Rapids, Michigan. Idara ya maji imetuletea chupa tano zenye namba, kila moja ya lita moja, pamoja na maelekezo ya Kiingereza ambayo hatukuyaelewa vizuri. Tuna mtoto wa miezi minne anayenyweshwa maziwa ya kopo. Chupa zote hizo ni za nini?*

Hongereni kwa mtoto. Chupa ni tano kwa sababu risasi (metali iitwayo "lead" kwa Kiingereza) hutoka sehemu kadhaa za njia ya maji. Maji yakiacha kiwanda kwa kawaida huwa hayana risasi, huiokota njiani: kwenye bomba la risasi linalounganisha nyumba na bomba kuu la mtaa, kwenye lehemu za viungo (Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi kwa mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986), na kwenye koki za shaba njano.

Sasa pigeni hesabu. Bomba la shaba la nusu inchi hubeba takriban mililita 150 kwa kila mita. Lita ya kwanza basi ni maji ya koki na ya mita sita hivi za bomba la ndani, basi. Yaliyolala kwenye bomba la kutoka mtaani huja nyuma yake, mara nyingi kwenye chupa ya nne au ya tano. Ndiyo sababu kanuni za Michigan za mwaka 2018 zinataka nyumba yenye bomba la risasi ipimwe lita ya kwanza na ya tano.

Namna ya kujaza ni hii. Usiku tumieni maji kama siku zote, kisha msiguse bomba lolote kwa saa 6 au zaidi. Choo nacho kimo: ukikivuta mara moja, maji yaliyolala yameshasogea na kipimo kimeharibika. Asubuhi nendeni kwenye koki ya jikoni, upande wa maji baridi. Fungueni vifuniko vyote na mzipange chupa kwa namba. Msizisuuze. Wekeni chupa ya 1 chini ya koki kabla ya kuifungua, kisha fungueni kwa nguvu kama mnavyojaza sufuria. Badilisheni chupa bila kufunga maji hadi ya 5. Kichujio kidogo cha mdomoni mwa koki kiacheni kilivyo. Andikeni saa mliyotumia maji mara ya mwisho na saa mliyojaza. Asidi inayotiwa kwenye sampuli kabla ya kupimwa msihangaike nayo, maabara wataitia wenyewe.

Mkisubiri majibu, msimchemshie mtoto maji mkidhani mnaondoa risasi. Risasi haipai na mvuke: lita nne zikipungua hadi tatu, risasi ni ileile ndani ya maji machache zaidi. Maziwa yakorogeni kwa maji ya chupa, au ya chujio lenye alama ya NSF/ANSI 53 na maelezo yanayotaja risasi kwa jina, maana si kila chujio lenye alama hiyo linaiondoa. Lipitishieni maji baridi tu, na kichungi kibadilishwe kwa tarehe yake. Daktari wa mtoto aulizwe pia kuhusu kipimo cha damu.

Bomba lenyewe mnaweza kulikagua pale linapoingilia nyumbani, kabla ya mita. Likwangueni kidogo kwa sarafu. Laini, linang'aa kama fedha na sumaku hainati: risasi. Sumaku ikinata ni chuma. Rangi nyekundu ya sarafu ya senti ni shaba.

*Mji wa Flint, Michigan, walipima maji yao wakatangaza yako sawa. Vipimo vilidanganya?*

Mashine hazikudanganya. Kasoro ilikuwa kwenye chupa na kwenye hesabu. Aprili 2014 mji uliacha maji ya Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint, bila kutia othofosfeti, dawa inayojenga utando ndani ya mabomba ili maji yasiyale. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa kwa kuwa yalikuwa yakitia kutu vipuri. Watu waliendelea kuyanywa.

Wakazi waliopewa chupa walielekezwa waache maji yatiririke usiku, kabla ya kuyalaza. Hilo husafisha bomba na kushusha kipimo. Kisha kuna hesabu yenyewe: sheria ya Marekani huzipanga sampuli kutoka ndogo hadi kubwa na kutazama ile ya asilimia 90. Zikiwa 60, inatazamwa ya 54, na sita za juu zinaweza kuwa na kiasi chochote. Mwaka 2015 sampuli zilikuwa 71. Mbili za juu zikaondolewa, na mji ukashuka kutoka juu ya mikrogramu 15 kwa lita, kikomo cha wakati ule, hadi 11. Timu ya mhandisi Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech iligawa chupa 300 kwa wakazi, na zilizorudi zikatoa karibu mikrogramu 27 kwa lita kwa hesabu ileile ya asilimia 90. Oktoba 2015 mji ulirudi kwenye maji ya Detroit.

Kwa hiyo msomaji wa Grand Rapids, kikomo kinachotajwa kwenye barua ya majibu (Michigan sasa ni 12) ni kipimo cha mji mzima. Hakisemi kwamba 11 jikoni mwenu ni salama kwa mtoto.

*Niko Mombasa. Vijikaratasi vya kupimia vinavyobadilika rangi vinatosha?*

Kwa risasi, hapana. Vingi huona iliyoyeyuka tu, na chembe zilizobanduka kwenye bomba huvipita. Kikomo cha Afrika Mashariki ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho jicho halisomi kwa uhakika kwenye rangi. Tafuta maabara inayotia asidi ya naitriki kwenye sampuli kabla ya kuipima, na uchukue chupa kwao badala ya kusuuza ya soda. Kama maji yako hutoka kwenye tangi la juu, jaza mbili, moja ya tangi na moja ya koki iliyolala usiku. Ya koki ikizidi sana, tatizo liko kwenye mabomba na viungo vya nyumba yako.

Na kama unaishi karibu na mahali palipoyeyushiwa betri, kama ilivyokuwa mtaa wa Owino Uhuru hapo Mombasa, maji pekee hayatakupa jibu. Pima udongo wa uani, na damu ya watoto kwanza.