Ukija kupiga picha Michenzani, anza na hodi

Juzi msomaji mmoja wa Dodoma kaniandikia. Anakuja Unguja, anataka kujua anunue lenzi gani ili picha zake za majumba ya Michenzani zifikie zangu. Najua wengi wenu mna kiu hiyo hiyo, kwa hivyo namjibu hapa.

Pesa ya lenzi iweke. Majumba yale yalianza kujengwa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na yapo yenye urefu wa karibu mita 300. Ukisimama barabarani ukainua kamera juu, kuta zinalala kinyumenyume, na picha yako inakuwa ile ile ya kila mgeni. Dawa ni kupanda jumba la ng'ambo ya barabara hadi ghorofa ya kati, kamera ikae sawasawa. Lakini huko juu hupandi bila mwenyeji, na hapo ndipo wengi mnapokwama.

Mimi mwenyeji wangu ni bibi mmoja aliyehamia pale akiwa msichana, baada ya nyumba ya udongo ya wazee wake kuvunjwa kupisha ujenzi. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikakaribishwa chai ya tangawizi na mkate wa ufuta. Kamera haikutoka mkobani siku ile. Niliporudi akaniambia mwenyewe: "Mwanangu, usipige sebule tu. Kapige na ngazi, maji tumeyapandisha kwa ndoo mpaka magoti yamekwisha." Nikapiga ngazi, kingo zimelika, madumu ya njano yamepangwa kila mlango. Kisha akasimama kwenye roshani, kiwiko juu ya ukingo, pale pale rangi ilipobanduka kwa miaka ya kuegemewa, kanga zake zikianikwa nyuma yake.

Picha ile naipenda kuliko zote nilizopiga. Jarida moja la nje likaichukua, likamkata bibi, likabakiza zege na kivuli, na chini likaandika kuwa jengo limetelekezwa. Limetelekezwa na nani, na kanga zinaonekana? Hadi leo inaniuma. Tangu hapo sitoi picha ya nyumba ya mtu bila makubaliano ya maandishi kwamba haikatwi, nanyi nawasihi mfanye hivyo. Zege halitakudai haki, mwenye nyumba anayo. Picha aione yeye kwanza kabla ya mtandao, na nakala moja isafishwe kwa ajili yake. Ya bibi imetundikwa juu ya televisheni, nzima.

Basi ndugu yangu wa Dodoma, njoo baada ya alasiri, jua likishalegea, watoto wametoka chuoni, yaani madrasa, na wazee wako barazani. Amkia kila unayempita kwenye ngazi. Ukikosa mwenyeji, niandikie nikupeleke.