Kiti kisichoyumba huanzia kwenye unyevu wa mbao

Kiti cha mbao kikianza kulialia na kuyumba, anayelaumiwa kwanza ni gundi. Mimi huuliza kwanza mbao ilikuwa na unyevu kiasi gani siku kilipoungwa. Ukilielewa hilo, unaweza kutengeneza kiti cha kudumu kwa shoka, kabari, patasi, keekee ya mkono na kisu cha mishikio miwili, kile unachokivuta kuelekea kifuani.

Mbao ikikauka hainywei urefu, hunywea unene. Nayo hainywei sawasawa pande zote: kwa kufuata duara za mti hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Ndiyo maana ulimi wa duara, yaani ncha ya ufito inayoingia kwenye tundu la mguu, uliochongwa ukiwa mbichi ukikauka unakuwa na umbo la yai. Tundu nalo lipo palepale, linabaki na nafasi ya kuchezacheza.

Dawa yake ni kuunga ulimi mkavu kabisa kwenye mguu ambao bado una unyevu kidogo. Ulimi utavuta unyevu na kuvimba, mguu utaendelea kukauka na kulibana tundu, na vyote viwili vitakutana katikati. Ila mguu usiwe mbichi wa kuchuruzika maji, utapasuka. Fito za kuunganishia miguu nazikausha mahali pa joto na kuzipima kwenye mizani ya jikoni kila siku. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka. Kugusa kwa mkono kunadanganya sana.

Kuhusu gogo lenyewe: pasua, usichane kwa msumeno. Msumeno hukata nyuzi popote unapopita, lakini kabari hufuata nyuzi zilikoelekea, hivyo hata ufito mwembamba unakuwa na nyuzi nzima kutoka ncha hadi ncha. Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, ugeuze mti ili upande mnene uwe chini, uukandamize kwa nguvu huku ukiendelea kupasua. Ufa utarudi taratibu kuelekea upande huo mnene. Mara ya kwanza kuliona hilo utadhani ni mazingaombwe.

Sasa ulimi. Uchonge ukiwa mnene kidogo kuliko kipimo, uukaushe, ndipo uumalizie. Toboa tundu la majaribio kwenye kipande cha mbao ngumu kwa keekee ileile utakayotumia kwenye miguu, paka penseli ndani ya mdomo wa tundu, kisha ingiza ncha ya ulimi na uuzungushe. Panapotokea weusi unaong'aa ndipo panapobana. Kwangua hapo tu, tena kidogo, urudie. Uingie kwa kugongwa na nyundo ya mbao. Ukiingia kwa kusukumwa na mkono, umekonda mno, tafuta ufito mwingine. Gundi weka ukipenda, mimi sikatazi.

Mpangilio wa matundu nao una ujanja wake. Unga kwanza fremu ya mbele na ya nyuma, kila moja miguu miwili na fito zake. Ukishamaliza, toboa matundu ya fito za ubavuni yakipita juu kidogo ya zile za mbele, kiasi cha keekee kulamba kipande chembamba cha ulimi ulio ndani. Ufito wa ubavuni ukiingia, unakaa kwenye hiyo pengo na kuufunga mwenzake. Huwezi kuuchomoa hata ukitaka.

Vipimo havina mjadala mrefu: sentimita 43 hadi 45 kutoka chini hadi kikalio mbele, nyuma kishuke sentimita 2 hivi. Msasa situmii, kisu kilichonolewa vizuri huacha uso laini kuliko msasa, na alama zake zinapendeza.

Miguu isawazishe mwisho kabisa. Weka kiti juu ya meza iliyonyooka, kitegemeze kwa vikabari hadi kitulie, laza penseli juu ya kipande cha mbao na uzungushe mstari kwenye kila mguu, kisha kata kwa kufuata mstari.