Kwa mnaoanza kuingia gerezani kama wasaidizi wa kisheria

Wengi mnaokuja kuanza kazi hii hapa Mbeya mnafika mmezikariri Kanuni za Nelson Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za jinsi ya kuwatendea wafungwa, zote 122. Vizuri. Zilipitishwa upya Desemba 2015, baada ya kuzifanyia marekebisho zile za 1955. Ila getini hazifungui kufuli. Siku yangu ya kwanza nilimsomea mkuu wa gereza kanuni moja baada ya nyingine, kama mchungaji aliyefika kwenye zaburi anayoipenda. Alinisikiliza kwa adabu, akaagiza niletewe chai. Kibali cha pili cha kuingia nilikisotea miezi miwili.

Siku hizi naanza na rejista. Kanuni ya 7 inataka iandikwe siku na saa mtu alipoingia, na sababu ya kushikiliwa. "Shikamoo afande, naomba tuangalie tarehe za mahabusu." Ombi hilo halimtishi mtu, na humo ndimo utakapomkuta aliyepewa dhamana kitambo lakini yumo ndani bado, kwa kuwa ndugu zake wako Chunya na hawajui alipo.

Juni na Julai ulizia mablanketi. Kanuni ya 21 inampa kila mtu matandiko yake, na ya 13 inataja hali ya hewa waziwazi. Hapo huna haja ya kuhubiri. Afande mwenyewe kavaa sweta mbili.

Mahabusu msimwite mfungwa. Hajahukumiwa. Kanuni ya 116 inasema apewe nafasi ya kufanya kazi akitaka, asilazimishwe, na akifanya alipwe.

Kosa langu kubwa lilikuwa la lugha. Nilikaa na mzee mmoja wa Kisafwa karibu saa nzima. Kila swali, "ndiyo mwanangu." Nikajaza kurasa tatu. Kijana wa pembeni akanihurumia, akamuuliza kwa Kisafwa. Kumbe mzee hakujua hata anashitakiwa kwa nini, alikuwa ananiheshimu tu. Kurasa zile nilizichana. Kanuni ya 61 inataka gereza lisaidie apatikane mkalimani huru, na inaruhusu askari awaone mkizungumza, ila asiwasikie. Lakini msichukue mkalimani yeyote aliye karibu, hasa nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake: yeye atabaki humo ndani na huyo mzee usiku huo, nyinyi mtakuwa mmeshapanda daladala. Mimi sasa naenda na mwenzangu anayejua Kisafwa, na naomba benchi la uani, askari akae mlangoni.