Tebo ngumu ni sita tu: majibu kwa wazazi na walimu

Tangu shule zifunguliwe, maswali mengi ninayopokea ni ya tebo za kuzidisha. Haya ni baadhi yake.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la tatu. Tebo ya saba anaiimba yote, lakini nikimuuliza ghafla saba mara nane, anaanza upya kutoka saba mara moja. Shida ni nini? (Mama, Tabora)

Marahaba, mama. Anachokijua binti yako ni wimbo, na wimbo ukikatizwa katikati, mwimbaji hurudi mwanzo. Hajakosea kitu, ndivyo alivyofundishwa. Sasa inabaki kumtoa kwenye wimbo.

Chukueni daftari lenye tebo zilizochapwa nyuma, mkae pamoja na kalamu. Kuanzia 1 mpaka 10 kuna majibu 100, na hapo ndipo mtoto anapokata tamaa. Mwonyeshe kwamba tatu mara saba na saba mara tatu ni kitu kimoja, mfute zinazojirudia: zinabaki 55. Futeni ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10, ambazo wengi huzijua mapema: zinabaki 21. Ya 9 ina vidole vyake, nitaeleza hapo chini: zinabaki 15. Ya 4 ni ya 2 iliyorudiwa mara mbili, na ya 3 ni ya 2 ukiongeza namba yenyewe mara moja tena. Zikitoka hizo, zinabaki sita:

6 × 6 = 36
6 × 7 = 42
6 × 8 = 48
7 × 7 = 49
7 × 8 = 56
8 × 8 = 64

Nimefanya zoezi hili na watoto wengi, na kila mara wanapofika hapa hunyanyua kichwa na kuuliza, "Ni hizi tu?" Ni hizi tu. Kila moja iandike kwenye kikaratasi, jibu nyuma. Baada ya chakula cha jioni vichanganye, muulize kwa dakika tano, kisha mwache akalale. Saba mara nane ikigoma, mwambie ahesabu tano, sita, saba, nane: 56 ni 7 × 8.

Mwanangu wa darasa la nne bado anatumia vidole. Nimkataze? (Baba, Mbagala)

Usimkataze. Mfundishe kuvitumia vizuri, ataviacha mwenyewe siku jibu litakapomjia haraka kuliko vidole. Kwa tebo ya 9, atandaze mikono yote miwili mbele yake. Anataka saba mara tisa? Akunje kidole cha saba kutoka kushoto. Kushoto kwa kilichokunjwa vimebaki sita, kulia vitatu: 63. Tisa mara nne, akunje cha nne: vitatu na sita, 36.

Ninachokukataza wewe ni kumwacha ahesabu saba mara nane kwa kuchora vijiti 56 pembeni ya daftari. Akimaliza amechoka, swali lenyewe amelisahau, na mtihani hauna muda huo.

Mimi ni mwalimu mpya, darasa la pili. Nianze na kukariri au kuelewa? (Mwalimu, Singida)

Kuelewa, lakini usiishie hapo. Nenda dukani uombe trei tupu la mayai. Liweke mbele ya watoto: mistari mitano, kila mmoja nafasi sita, jumla 30. Sasa lizungushe robo. Mistari imekuwa sita yenye nafasi tano tano, na hakuna yai lililoongezeka. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatakuuliza kwa nini tano mara sita ni sawa na sita mara tano. Kreti la soda lifanye vivyo hivyo: nne kwa sita, chupa 24. Kama kuna wazee wanaocheza bao karibu na shule, wapeleke watoto wakahesabu mashimo: safu nne za mashimo manane, 32, na kete zake ni 64, mbili kwa kila shimo.

Baada ya hapo, wakariri. Mwalimu anayesema kukariri kumepitwa na wakati atawaona watoto wake wakikwama darasa la tano kwenye sehemu, kwa sababu hawaoni haraka kwamba 42 na 56 zote zinagawanyika kwa 7.

Shuleni wanamfundisha kwa Kiingereza, bibi yake anamuuliza kwa Kiswahili. Anachanganyikiwa. (Mama, Arusha)

Kwanza hakikisha anajua majina ya makumi. Sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini zinafanana, kwa kuwa zote zimetoka Kiarabu. Lakini mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu, na makumi yake ni ya Kiarabu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, themanini. Mtoto anayesoma kwa Kiingereza anaweza kuwa na jibu kichwani akakosa jina lake. Mpe bibi karatasi, amwambie aandike 48 badala ya kulitamka. Tebo yenyewe aishike kwa lugha ya shule kwanza, ya pili itafuata.

Kwa nini tebo nyingine zinafika 12? (Mwanafunzi, Tanga)

Tumezirithi kwa Waingereza. Kwao futi moja ilikuwa na inchi 12, na shilingi moja ilikuwa peni 12 mpaka mwaka 1971. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100 tangu mwanzo. Hata hivyo jifunze ya 12: mwaka una miezi 12, na dazani bado iko sokoni.

Mwalimu wa mwanangu anawachapa wasiojua tebo. Nikae kimya? (Baba, Geita)

Hapana, ndugu yangu. Nilipokuwa mdogo, mwalimu wetu alisimama mlangoni asubuhi na fimbo. Unaulizwa, ukijibu unaingia. Sita mara nane nilikuwa naijua vizuri nikiwa njiani, lakini nikiiona ile fimbo inapotea. Hofu hufunga kichwa, na mtoto akianza kuiogopa hisabati, humchukua miaka kurudi. Nenda shuleni, uonane na mwalimu mwenyewe kwa adabu, mkishindwana mwone mwalimu mkuu.

Mimi sikusoma. Nauza vitumbua. Nitamsaidiaje mwanangu? (Mama, Mtwara)

Mama, mteja akitaka vitumbua saba vya 200, unamwambia 1,400 kabla hajafungua pochi. Hiyo ni saba mara mbili, ukaongeza sifuri mbili. Jumamosi mkalishe karibu na karai. Mteja akitaja idadi, nyamaza, mwache mtoto ataje bei. Akikosea, mwambie ahesabu tena, mteja atasubiri.