Jumlisha Kwanza, Unganisha Baadaye

Natunza kumbukumbu za wakulima wa parachichi huku Rungwe, na vijana wanaokuja kujifunza SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kwangu huanza na swali lilelile: INNER JOIN na LEFT JOIN zina tofauti gani? Hilo ni jepesi. INNER JOIN inaleta waliopo kwenye majedwali yote mawili tu, tuseme la wakulima na la mizigo, kwa hiyo mkulima ambaye hajaleta mzigo msimu huu hatokei. LEFT JOIN inambakiza, na penye upungufu inaweka NULL, yaani hakuna thamani. Ila ukiandika WHERE mizigo.kilo > 50, huyo wa NULL anaondoka tena. Sharti hilo lihamishie kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yanaunganishwa vipi.

Panapoumiza watu ni hapa. Chukua mkulima namba 17. Ameleta mzigo mara 3: kilo 40, 60 na 50, jumla 150. Amelipwa mara 2: shilingi 100,000 na 80,000. Ukiunganisha wakulima, mizigo na malipo kwa amri moja, kila mzigo unakutana na kila malipo, mistari inakuwa 6. SUM, yaani jumla, ya kilo inasoma 300, ya malipo 540,000. Kompyuta hailalamiki hata kidogo. Ripoti inasomwa kwenye mkutano wa wanachama, na mama wa watu anaonekana amelipwa mara tatu ya alichopokea. Jambo hilo linavunja vikundi.

Wengi hukimbilia SUM(DISTINCT kilo), inayojumlisha kila thamani mara moja tu. Usifanye hivyo, siku akileta kilo 40 mara mbili, mzigo mmoja unapotea. Kila jedwali lijumlishwe peke yake kwanza, mkulima mmoja mmoja, ndiyo kazi ya GROUP BY:

SELECT w.jina, m.kilo, p.fedha
FROM wakulima w
LEFT JOIN (SELECT mkulima_id, SUM(kilo) AS kilo FROM mizigo GROUP BY mkulima_id) m ON m.mkulima_id = w.id
LEFT JOIN (SELECT mkulima_id, SUM(fedha) AS fedha FROM malipo GROUP BY mkulima_id) p ON p.mkulima_id = w.id;

Na tafadhali, usiunganishe kwa majina. Huku kwetu ukoo mmoja unajaza kijiji, na makarani wawili hawaandiki jina kwa namna moja. Tumia namba ya uanachama.

Kabla hujampa mtu ripoti, hesabu wakulima kwa COUNT(*), kisha hesabu mistari ya matokeo. Kwa amri hiyo ya juu lazima zilingane. Mistari ikizidi, kuna jedwali umeliunganisha bila kulijumlisha kwanza.